Kutoka Pembe za Ndovu hadi kwa Msajili: kwa nini vuguvugu hugeuka chama cha siasa

Ukipita Majengo, hapa Mombasa, baada ya swala ya isha, pale muuza kahawa anapotua birika lake, huchelewi kuusikia ubishi ambao haujesha tangu Juni 2024. Wale vijana walioandamana kuupinga mswada wa fedha waunde chama chao, au wakae hivyo hivyo? Juzi niliwasikiliza wawili wakivutana. Mzee mmoja aliyefanya kazi bandarini miaka mingi alimwambia binti wa chuo, “Mjukuu wangu, siku mtakayosajili chama ndiyo siku mtakayouzwa.” Binti akamjibu kwa adabu, “Sawa babu, lakini tutaandamana mpaka lini? Sisi twaimba barabarani, wao wapiga kura bungeni.”

Kila mmoja alikuwa na lake la kweli. Ila kadiri nilivyosikiliza ndivyo nilivyoona baraza zima linachanganya mambo ambayo hayafanani, na ndiyo maana ubishi huu hurudi kila jioni pale pale ulipoachwa jana. Uchaguzi mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027. Nimeona tuyatenganishe mambo haya taratibu, kabla ya kelele za kampeni kutuzidi.

Tuanze na maneno. Vuguvugu ni watu wengi wanaosukuma jambo moja bila kadi, bila daftari la wanachama, bila mwenyekiti anayetambuliwa na sheria. Ni neno lile lile tunalolitumia kwa maji yaliyopata moto lakini hayajachemka, na linafaa. Kundi la shinikizo limesogea hatua moja: lina ofisi, lina msemaji, pengine limesajiliwa kama shirika, na kazi yake ni kumbana aliye madarakani atende jambo fulani. Kiti chake halikitaki. Chama cha siasa kinakitaka kiti chenyewe, na hapo ndipo tofauti yote ilipo.

Kiswahili chetu nacho kinachangia mkanganyiko. Neno chama twalitumia kwa mambo chungu nzima. Kuna chama cha kina mama wanaochangiana kila wiki, kuna chama cha wafanyakazi, kuna chama cha mazishi. Kwa hiyo mtu akisikia “vijana waunde chama” hudhani ni suala la watu kukutana, kuelewana na kufungua kitabu cha michango. Chama cha siasa ni kitu cha sheria. Kinapewa haki ya kusimamisha wagombea chini ya jina na alama yake, na papo hapo kinatwishwa mizigo ambayo vuguvugu halijawahi kuibeba.

Chukua mfano wa abiria wa matatu za Kisauni wanaopandishiwa nauli kila mvua ikinyesha. Wakigoma kupanda asubuhi moja, nauli hushuka. Hilo ni vuguvugu. Wakichagua watu watatu waende kuongea na wenye magari, hapo ni kundi la shinikizo. Lakini siku watakayosema “basi na tununue matatu yetu”, mambo yamegeuka. Kuna bima ya kulipa, kuna sako ya kujiunga nayo, kuna dereva na makanga, kuna steji. Na mvua ikinyesha, wao ndio watakaoamua nauli iwe ngapi, na watakaowalalamikia ni majirani zao wa jana.

Basi kwa nini watu wakubali kujitwika mzigo huo?

Sababu ya kwanza ni kwamba barabara huzuia lakini haiandiki. Juni 2024 Mombasa iliona vijana wakijaa Moi Avenue, wakipita chini ya Pembe za Ndovu, wengi wao wakiandamana kwa mara ya kwanza maishani. Tarehe 25 waandamanaji wa Nairobi waliingia bungeni. Tarehe 26 Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi mswada ule. Makumi ya Wakenya waliuawa katika wiki zile, na hakuna hesabu ya siasa inayoweza kuyapunguza maumivu hayo. Mswada ulianguka. Lakini Desemba ya mwaka ule ule Bunge likapitisha sheria nyingine za kodi, zikiwa na baadhi ya mapendekezo yaliyokataliwa Juni, na Rais akazitia sahihi. Safari ya kwanza mitaa ilikuwa imejaa. Safari ya pili watu walikuwa wamerudi kazini na vyuoni, na ndani ya chumba kile ambamo vifungu huandikwa hawakuwa na mtu wao hata mmoja.

Sisi wa Mombasa tulikuwa tumeshalipitia jambo hili kabla, na bandari ndiyo iliyotufundisha. Serikali ilipoagiza makontena yapelekwe Nairobi kwa reli mpya, malori yakalala, maghala ya Changamwe na Jomvu yakawa matupu, na wanaotoa mizigo bandarini wakafunga ofisi. Mwaka 2019 watu wakaanza kuandamana kila Jumatatu, wakaziita Jumatatu Nyeusi. Serikali ikalegeza kidogo. Watu wakaenda mahakamani pia, na mwaka 2020 Mahakama Kuu ikaamua kwamba agizo lile halikufuata katiba. Hata hivyo agizo lilifutwa kwa tamko moja la Rais mpya siku aliyoapishwa, Septemba 2022, baada ya kuahidi hivyo kwenye kampeni. Miaka ya jasho, kisha sentensi moja ya aliyeshika kalamu! Mtu aliyekuwa kwenye Jumatatu zile akisema “mbona tusiishike sisi hiyo kalamu?” namwelewa kabisa.

Sababu ya pili huzungumzwa kidogo, nami naiona nzito kuliko ya kwanza. Vuguvugu nyingi hazina haja ya chama chao maadamu kuna chama kingine kinachowasikiliza. Wao wanapiga kelele nje, chama rafiki kinazibeba kelele hizo ndani. Taabu huanza rafiki huyo anapohama. Julai 2024, maandamano yakiwa bado hayajapoa, Rais aliwateua viongozi wakubwa wa ODM kuwa mawaziri, akiwemo aliyekuwa gavana wetu Hassan Joho. Uwe unaona walifanya vyema au vibaya, matokeo yake kwa vijana wa barabarani yalikuwa wazi: chama kikubwa cha upinzani, ambacho kwa miaka kilikuwa sikio la wenye malalamiko na ambacho Mombasa ilikipa kura nyingi, sasa kilikuwa na watu wake ndani ya serikali ile ile iliyolalamikiwa. Aliyezoea kubisha mlango huo alibaki amesimama nje.

Wafanyakazi wa viwanda vya magari kandokando ya São Paulo, Brazil, walipitia hali inayofanana na hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 waligoma tena na tena chini ya utawala wa kijeshi, na wakaona hakuna chama kinachowabeba kama wao wenyewe. Februari 1980 wakaunda Chama cha Wafanyakazi. Kiongozi wao, Lula, aligombea urais mwaka 1989 akashindwa, 1994 akashindwa, 1998 akashindwa, akashinda 2002. Miaka 22 kutoka kuasisi chama hadi ushindi! Nawaombea vijana wetu wafupishiwe safari, lakini anayefikiri chama kinachoundwa mwaka huu lazima kishike dola uchaguzi ujao anajitayarishia kuvunjika moyo.

Sababu ya tatu ni mlango kufunguka ghafla. Watu wanaweza kukaa miaka wakidai haki kama kundi tu kwa kuwa sheria haiwaruhusu kuwa chama, kisha sheria ikabadilika usiku mmoja. Zambia, Julai 1990, wanasiasa, wasomi na viongozi wa wafanyakazi walikutana Lusaka kudai vyama vingi. Walijiita Vuguvugu la Demokrasia ya Vyama Vingi, MMD, na jina hilo la vuguvugu wakabaki nalo hata walipokuwa chama. Oktoba 1991 kiongozi wa vyama vya wafanyakazi Frederick Chiluba alimshinda Kenneth Kaunda kwa robo tatu ya kura.

Kenya ilikuwa na yake, na hii nataka tukae nayo kidogo, kwa sababu nusu ya ubishi wa barazani imo humu. Agosti 1991 wanasiasa sita walitangaza FORD kama jukwaa la kudai demokrasia. Hakikuwa chama, kwani sheria ilikubali KANU peke yake. Walikuwa Jaramogi Oginga Odinga, Masinde Muliro, Martin Shikuku, Philip Gachoka, George Nthenge, na Ahmed Salim Bamahriz kutoka kwetu Mombasa. Walikuwa na dai moja: kifungu cha 2A cha katiba, kilichokataza vyama vingine, kiondoke. Mluhya, Mjaluo, Mkikuyu, Mkamba na Mpwani waliweza kusimama jukwaa moja bila shida, maana kulikataa jambo baya hakuhitaji mtu yeyote ampishe mwenzake.

Desemba 1991 kifungu kikafutwa na FORD ikawa chama. Hapo swali likageuka. Sasa lilikuwa: nani awe mgombea wetu? Kiti cha urais ni kimoja. Kabla ya mwaka kwisha FORD ilikuwa vipande viwili, FORD-Kenya ya Jaramogi na FORD-Asili ya Kenneth Matiba. Desemba 1992 Rais Moi wa KANU alibaki Ikulu kwa asilimia 36 hivi ya kura. Matiba alipata 26, Jaramogi 17. Jumlisha mwenyewe.

Watu husema FORD ilivunjwa na ukabila na tamaa. Hivyo vilikuwepo, sikatai. Lakini hata watu wema kabisa wangepata taabu pale. Mtaa mzima ukikosa maji, hakuna jirani atakayepinga kwamba maji yanahitajika, na mtaandamana pamoja mpaka ofisi za kaunti. Siku fedha za kisima zikija, kila mmoja ana sababu njema kwa nini kichimbwe karibu na mlango wake: huyu ana mgonjwa, yule yuko karibu na madrasa, wa tatu ametoa kiwanja. Vuguvugu huishi kwa “hapana”, na “hapana” ina nafasi ya watu wote. Chama huishi kwa “ndiyo”. Kinasema ndiyo kwa mtu huyu na si yule, ndiyo kwa kodi hii na si ile, ndiyo kwa barabara ya Likoni mwaka huu na ya Jomvu mwaka kesho. Kila ndiyo inamwacha mtu nje. Vijana wa 2024 walijivunia kuwa hawana kiongozi, hawana kabila, hawana chama. Nguvu yao kubwa ilikuwa hapo. Chama kitawataka waiache ya kwanza na ya tatu siku ile ile, na kitawajaribu vikali kwenye ile ya pili.

Kuna jambo dogo la kiutaratibu ambalo nalo lina historia yake. Kwenye kura ya maoni ya Novemba 2005 kambi ya kukataa katiba ilipewa alama ya chungwa, ikashinda kwa karibu asilimia 58, na viongozi wake wakataka kuigeuza kambi ile iwe chama. Wakakuta wakili Mugambi Imanyara ameshalisajili jina la ODM. Ikabidi waunde kingine, ODM-Kenya, na walipogawanyika mwaka 2007 Kalonzo Musyoka akabaki na hicho, Raila Odinga akapata ODM. Chungwa ambalo bado liko kwenye fulana lilianzia kwenye karatasi ya kura ya maoni. Kwa hiyo jina ambalo watu wamelimwagia damu barabarani linaweza kuwa mikononi mwa aliyewahi foleni.

Sasa sheria, maana hapa ndipo nasikia mengi yasiyo kweli. Wengine huamini kusajili chama ni kulipa ada na kujaza fomu. Ada ipo, fomu zipo, lakini hizo ndizo rahisi. Chini ya Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 2011, Msajili kwanza hutoa usajili wa muda. Ndani ya siku 180 lazima uombe usajili kamili, na ili uupate unahitaji wanachama wasiopungua 1,000 ambao ni wapiga kura waliosajiliwa, katika kila kaunti kati ya zaidi ya nusu ya kaunti zote. Kaunti ni 47. Zaidi ya nusu ni 24. Hao ni watu 24,000 wenye majina na vitambulisho, na huwezi kuwachukua wote Kongowea. Lazima uwe na ofisi katika kaunti hizo pia, na uongozi ambao jinsia moja haizidi thuluthi mbili. Katiba, kifungu cha 91, inataka chama kiwe na sura ya kitaifa na inakataza kukijenga juu ya dini, lugha, kabila, jinsia au eneo.

Hebu tulitazame hilo kwa jicho la Pwani. Kaunti zetu ni sita: Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Hata kila mtu mzima kutoka Vanga mpaka Kiunga akichukua kadi, una sita kati ya 24. Vuguvugu lolote lililozaliwa kwa uchungu wa Pwani, iwe ardhi au bandari, haliwezi kuwa chama mpaka liwapate watu 1,000 Turkana au Nyeri au Kisii wanaoukubali uchungu huo kuwa wao. Wanaoitetea sheria husema inazuia vyama vya kikabila, na nakubaliana nao kwa nia. Lakini ni haki kusema pia kwamba malalamiko ya mahali pamoja yamefungiwa mlango ambao malalamiko ya nchi nzima yameachiwa wazi.

Mombasa inalijua hilo kwa historia. Mwaka 1992, vyama vingi vikiwa ndiyo kwanza vimeruhusiwa, vijana wengi wa Kiislamu walilifuata vuguvugu la IPK, yaani Chama cha Kiislamu cha Kenya, na Sheikh Khalid Balala akawa anahutubia Mwembe Tayari mpaka barabara zinafunga. Waliomba kusajiliwa kama chama wakakataliwa kwa sababu ya dini. Mji ukaingia kwenye ghasia na kamatakamata. Uchaguzi ulipofika, wafuasi wengi walielekeza kura zao FORD-Kenya, yaani waliazima chombo cha watu. Baadaye Shirikisho, chama cha Pwani kilichofanikiwa kusajiliwa, kilitoka uchaguzi wa 1997 na kiti kimoja cha bunge, Likoni. Kisha likaja Baraza la Mombasa, MRC, na kauli yake ya “Pwani si Kenya”. Serikali ililipiga marufuku mwaka 2010, Mahakama Kuu ya Mombasa ikaiondoa marufuku hiyo 2012, nalo likawaambia watu wasipige kura 2013. Ni njia tatu tofauti: kuazima chama cha wengine, kuwa na chama kidogo cha nyumbani, na kulikataa sanduku la kura kabisa. Suala la ardhi, lililokuwa ndani ya yote, lingali nasi.

Tuje kwenye dhana nyingine: kwamba waliojaa barabarani ni kura tayari. Hapana. Aliyeandamana Moi Avenue huenda kura yake iko Kilifi, huenda hana kura kabisa. Na hata wote wakiwa na kura, namna kura zinavyohesabiwa ina uzito wake. Ujerumani, watu wa harakati za kupinga nyuklia, za amani na za wanawake waliungana wakaunda chama cha Kijani Januari 1980. Mwaka ule walipata asilimia 1.5 ya kura. Mwaka 1983 wakapata 5.6 na wakaingia bungeni, kwa sababu kule chama kikivuka asilimia 5 kinapewa viti kulingana na kura zake. Kwetu mwenye kura nyingi katika eneobunge huchukua kiti, wengine hurudi nyumbani. Asilimia 5.6 iliyotawanyika katika maeneobunge 290 inaweza kukupa sifuri. Kwa hiyo vuguvugu la Kijerumani lina sababu nzuri ya kuwa chama ambayo vuguvugu la Kenya halina, na anayewaambia vijana “fanyeni kama wale wa Ulaya” aliseme na hilo.

Kinyume chake ni kwamba kura zilizokusanyika mahali pamoja zina thamani kubwa kwetu. Mombasa ina maeneobunge sita na wadi 30. Wadi si kubwa, watu wanajuana, na bunge la kaunti ndilo linalopitisha bajeti ya taka, maji ya mtaa, masoko na ada za wachuuzi. Kwa maoni yangu, harakati inayotaka kujaribu sanduku la kura ingeanza huko, kabla ya kuota Ikulu.

Narudi sasa kwa yule mzee na neno lake zito, kuuzwa. Si woga wa bure. Msomi Robert Michels aliandika mwaka 1911, baada ya kuvichunguza vyama vya wafanyakazi vya Ulaya vilivyojisifu kwa usawa, kwamba kila jumuiya kubwa huelekea kuangukia mikononi mwa wachache, kwa kuwa wachache ndio wenye muda, taarifa na ujuzi wa kuiendesha. Wale Wajerumani wa chama cha Kijani walilijua somo hilo. Wakaweka kanuni kwamba wabunge wao wapishane katikati ya muhula ili mtu asizoee kiti. Kanuni ilichosha watu ikaachwa. Mwaka 1998 wakaingia serikalini, na mwaka 1999 chama kilichozaliwa na harakati za amani kikaunga mkono mabomu ya NATO huko Kosovo. Mtu mmoja alimrushia mfuko wa rangi waziri wao wa mambo ya nje, Joschka Fischer, mkutanoni mbele ya watu.

Lakini hiyo si hadithi ya kuuzwa tu. Wapo waliolia kwamba imani imesalitiwa, na wapo waliosema ukikaa kwenye kiti huwezi tena kusema “hapana” ukaondoka, lazima uchague kati ya mabaya mawili na ubebe dhambi ya ulilochagua. Tofauti ya mtu aliyenunuliwa na mtu aliyelazimika kuchagua haionekani kwa mbali. Ndiyo maana inafaa wengine wabaki nje, wenye macho.

India walijaribu yote mawili kwa pamoja. Mwaka 2011 Anna Hazare alifunga kula Delhi akidai sheria ya kupambana na ufisadi, na watu wengi mno wakajiunga naye. Baadaye wenzake wakagawanyika. Hazare alisema siasa ni matope, hataingia. Arvind Kejriwal alisema matope husafishwa na anayeingia, akaunda chama Novemba 2012, na alama yao ikawa fagio. Desemba 2013 walipata viti 28 kati ya 70 vya Delhi na kutawala siku 49 tu. Mwaka 2015 wakarudi na viti 67. Mwaka 2024 Kejriwal alikamatwa kwa tuhuma za ufisadi, tuhuma alizozikana, na 2025 chama kikashindwa Delhi. Nikiwatazama wote wawili, siwezi kusema aliyebaki nje ndiye aliyebaki safi na aliyeingia ndiye aliyepotea. Delhi ilipata shule na zahanati bora za umma chini ya fagio lile, na kufunga kula pekee hakukujenga hata moja.

Na kuna waliokataa uchama wakashinda. Senegal, kundi la vijana la Y'en a marre, lililoanza 2011, halikuunda chama. Liliwahimiza vijana wajiandikishe kupiga kura, na Rais Abdoulaye Wade akashindwa 2012. Hapa kwetu, wakazi wa Owino Uhuru waliotiwa sumu ya madini ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri hawakuhitaji mbunge wao wenyewe. Wakiwa na Phyllis Omido walikwenda mahakamani, na mwaka 2020 wakaamuliwa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Dai lao lilikuwa na mtu wa kumshitaki na sheria ya kumshitakia. Ukiwa na hivyo viwili, chama kingekupotezea muda. Dai la kodi, la ajira, la jinsi bajeti inavyogawanywa halina mshitakiwa. Hilo hudaiwa kwa kura.

Wengine huuliza, kwa nini shirika la haki lisijigeuze tu chama usiku, mchana likabaki shirika? Haliwezi. Sheria inayoyasimamia mashirika ya manufaa ya umma inayakataza kukipigia kampeni chama au mgombea, na wafadhili wengi wataondoka siku hiyo hiyo. Chama nacho kina mfuko wake. Sheria inataka vyama vitengewe angalau asilimia 0.3 ya mapato yanayokusanywa na serikali ya kitaifa, lakini sehemu kubwa hugawanywa kwa kura zilizopatikana, kwa hiyo mtoto mchanga hanyonyi.

Katikati pana njia ya mgombea huru. Kwa wadi unahitaji sahihi za wapiga kura 500 wa hapo, kwa ubunge 1,000 wa eneobunge, na usiwe mwanachama wa chama chochote kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Ni njia nyepesi, ila viti vya uteuzi vya wanawake, vijana na walemavu hugawiwa vyama. Huru huingia peke yake na hatoki na mtu.

Usiku ule kahawa ilikuwa inakaribia kwisha nilipowaeleza wenzangu hesabu ya kaunti 24. Binti alitoa simu akaanza kuandika kaunti ambazo wana marafiki waliojuana nao tangu Juni ile. Akafika 11, akasita, akaongeza Kajiado. Mzee alikuwa kimya kitambo. Kisha akauliza, “Na hapa kwenye wadi yetu mtamsimamisha nani?”

Kijana aliyekuwa ameegemea ukuta akataja jina. Mwenzake akatikisa kichwa na kutaja jingine. Muuza kahawa, aliyekuwa anakusanya vikombe, naye akaongeza la kwake. Tulipoagana majina yalikuwa saba, na mawili kati yake aliyataja mzee mwenyewe.